Mtungaji Hajulikani

King'ora kilianza chini, kikapanda, kikafika katikati ya njia yake, halafu hakikuwapo tena.

Inspekta Alimasi akaandika kwenye daftari: Alhamisi, saa nne na dakika kumi na nne. Alikuwa ameketi benchi la mwisho katika ukumbi wa Chuo cha Juu cha Dilala, nyuma ya wanafunzi sitini, wengine wakitafuna karanga. Mbele, kwenye shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani, kulikuwa na picha ya wanawake wameketi chini wakiomboleza. Kutoka kwenye spika mbili mwanamke alikuwa analia kwa kuimba, kwa Kiluba. Picha na sauti havikujuana. Wale wa kwenye shuka walipigwa picha mahali pengine, mwaka mwingine.

Sauti ilikuwa ya Kolwezi. King'ora kile cha kubadilisha zamu migodini kila mtoto wa mji anakijua: kinapanda, kinakaa juu, kinashuka polepole mpaka kinazama. Hiki hakikushuka. Mwanamke alikuwa anavuta pumzi, king'ora kinapanda nyuma yake, mara moja king'ora kikatoweka na mwanamke akawa katikati ya mstari mwingine.

"Mtaona," alisema Profesa Mukalay, fimbo yake ikigusa shuka, "kwamba muombolezaji hataji mtu. Ni huzuni ya kabila zima. Ndiyo maana tunasema wimbo wa namna hii hauna mwenyewe. Andikeni: mtungaji hajulikani."

Kalamu sitini zikaandika.

Mtungaji alikuwa anajulikana. Jumatatu ya juma lile alikuwa amekuja mwenyewe ofisini kwa Alimasi, kwenye parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Balikuibia nini, mama?"

"Wimbo, tata," alijibu, akimwita baba kwa heshima.

"Wimbo ya nani?"

"Ya mutoto wangu Mbombo. Alikufa kwa kuzala, mwaka ya makumi munane na ine. Nilimulilia mi mwenyewe, pale Kasulo, mu kiwanja. Sasa bananiambia beko banasomesha batoto na kilio yangu. Nilienda kusikia. Ni sauti yangu. Lakini pahali ya kutaja Mbombo, hakuna. Balimutoa."

Jina lake Ndaya. Alikuwa na miaka sitini au zaidi, mikono ya mtu anayelima. Alimasi alimweleza kwamba kuna sheria mpya tangu mwaka wa themanini na sita, sheria ya haki za watungaji, na kwamba wimbo ni mali kama shamba. Alimuuliza anataka fidia gani.

"Nataka kusikia pale pahali balitoa," alisema Mama Ndaya. "Ni ile tu."

Alimuuliza kama mume wa marehemu angeweza kuwa shahidi. Mama alitazama sakafu. Akasema mume yuko, tuache ile. Jina hakulitoa. Majirani wa Kasulo ndio waliolitoa: Barnabé. Alihama baada ya matanga, labda alikwenda Tenke kwa ndugu zake wa reli. Alimasi alikuwa tayari ameomba ruhusa ya safari ya Tenke.

Somo lilipokwisha, profesa alimpokea katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, mahali mashine zinakaa. Alikuwa mtu mnene, mwenye abakosi, ile suti ya kizalendo isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, na hakuwa na hofu.

"Inspekta, nimekwisha kuisoma ile sheria kabla yako. Mwalimu ana haki ya kutumia kipande cha wimbo, picha, hata sinema, kwa kufundisha. Mi siuzi. Sipigi mu baa. Nafundisha."

"Sheria inasema pia utaje jina la mwenyewe."

"Kama anajulikana. Kama hajulikani, wimbo ni wa mababu, na wa mababu ni wa taifa. Hapo siombi mtu ruhusa."

"Nani alikuambia hajulikani?"

Profesa aliinua sanduku la karatasi ngumu, la kuwekea bande ya sauti, kutoka kwenye rafu na kumwonyesha. Juu yake kulikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, herufi zimesimama wima: *Musumba, Kapanga, 1983. Mtungaji hajulikani.*

"Niliikuta mu kabati. Dhahabu kabisa. Kesho kopi kumi na nane zinapanda treni ya saa nane, zinaenda Lubumbashi, na kutoka pale ku vyuo vyote vya Zaïre. Bande na picha na karatasi ya kueleza. Kwa mara ya kwanza wanafunzi wetu watasoma na bitu yao wenyewe, si na bitu ya Wazungu."

"Na kwenye kila kopi imeandikwa vile?"

"Vilevile."

"Profesa, umefika Musumba?"

"Mara moja. Mihogo na njia mbaya."

"Kuna king'ora cha zamu kule?"

Profesa alitazama tena maandishi ya sanduku.

"Tena," Alimasi aliendelea, "watu wa Musumba wanaliliana kwa lugha yao. Huyu analia Kiluba. Mi ni mtu wa Kasongo, nilikulia Tenke, Kiluba sikielewi vizuri, lakini nakijua nikikisikia."

"Niliona ajabu," alisema profesa polepole. "Nikafikiri ni Muluba aliyeolewa kule."

"Na king'ora?"

"King'ora sikukisikia. Mi nasikiliza maneno."

Upande wa mashine alikuwapo mtu wa tatu. Fundi wa chuo, Kisimba, mwembamba, karibu miaka thelathini na tano, alikuwa anarudisha bande kwenye gurudumu lake, ule utepe wa kahawia ukipita kati ya vidole viwili.

"Sitwayen Kisimba," alisema Alimasi, kama raia wote walivyoitwa, "nirudishie mpaka king'ora."

Fundi alirudisha. Kikapanda, kikatoweka.

"Simamisha. Sasa zungusha na mkono."

Kisimba alizungusha. Kati ya kahawia na kahawia kilitokea kipande kifupi cheupe, kimegandishwa nyuma ya utepe, na mkato wenyewe umekwenda kwa mshazari, safi, bila meno. Alimasi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Profesa, unaweza kukata vile?"

"Mi?" Profesa alicheka. "Muulize huyu. Hata kuwasha siwezi. Mwaka jana niligusa kifungo, tukalala siku mbili bila somo."

"Basi ni weye, Kisimba."

"Bande zote zinakatwa, shef," alisema fundi. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Zinachakaa. Na profesa aliomba dakika kumi na mbili, juu zilingane na picha. Ilikuwa na kumi na sita."

"Niliomba, kweli," alisema profesa.

"Juu ya nini ulikata katikati, hukukata mwisho?"

"Katikati ilikuwa na kelele."

"Kelele gani? King'ora umekiacha nusu."

Kisimba alirudisha bande kwenye sanduku. Alifunika. Alisema hakumbuki.

Alimasi aliandika: mkono wa fundi. Halafu akaandika chini yake: kwa amri ya nani? Profesa alikuwa na faida, maana wimbo usio na jina hauna wa kumwomba ruhusa. Fundi hakuwa na faida yoyote inayoonekana.

Mlangoni alikaa mlinzi wa mchana, Tata Numbi, kofia ya kijeshi na ndala miguuni. Huyu hakuhitaji kusukumwa ili aseme.

"Ule mama? Nilimuona Alhamisi yenye ilipita, na mwanafunzi moja, mutoto ya dada yake. Alisimama hapa. Wimbo ikaanza, akaweka mukono pa kifua. Akaingia hatua mbili, tatu. Alikuwa anaenda mbele kabisa. Halafu, shef, akasimama *tii*. Akavuta kitenge akajifunika uso yote. Akageuza mugongo. Hakupita huku, alipita mulango ya nyuma, ya choo, akatembea mu matope mpaka hapa kwa kisigino. Mi nikasema: huyu, mwizi."

"Aliona nini?"

"Iko nini ya kuona? Batoto, picha, profesa, mashine."

"Uso wake ulikuwa unaelekea wapi?"

Numbi alifikiri, akageuza mwili wake mzima kama mama alivyokuwa, akanyosha mkono. Mkono ulionyesha kona ya mashine.

Profesa alikuwa amewafuata nyuma. "Unaona, Inspekta. Kama wimbo ni wake, alikimbia nini? Mi nafikiri alifika, akasikia, akaona si yenyewe, akapata haya. Niletee ushahidi kesho mbele ya saa nane, nitaandika jina lake kwa mkono wangu kwenye kopi zote kumi na nane. Bila ushahidi, zinapanda treni."

"Zikishapanda?"

"Zikishapanda, ni za nchi nzima. Nani atazunguka kuzikusanya?"

Ilikuwa haki, na Alimasi hakubishana. Alirudi parke kwa miguu. Njia nzima kichwani alikuwa na mwanamke anayedai wimbo halafu anaukimbia, na wakili yeyote angelichukua jambo lile moja na kuangusha mashtaka yote.

Kabedi, karani wake, alikuwa anakula mkate na chai isiyo na maziwa mbele ya mashine ya kuchapa. Alikuwa mwanamke wa Kabongo, mama wa watoto sita, na hakumwogopa inspekta yeyote tangu wa kwanza aliyemfanyia kazi. Alimasi alimwambia achape taarifa ya mlinzi. Kabedi alichapa mpaka mahali pa kitenge, akasimama, akaanza kucheka.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka weye. Inspekta, kule Kasongo habakukufundishaka kitu? Unaandika 'alikimbia kwa hofu'. Hofu gani? Ile ni buko."

"Buko?"

"Heshima ya mukwe. Kwetu, mama mwenye alizala mwanamuke hawezi kuangalia bwana ya mutoto wake mu macho. Hawezi kula naye. Jina yake hawezi kuitaja, hata umuchome moto. Bakikutana mu njia, moja anaingia mu majani. Mama yangu, siku ya Pasaka, na kitenge ya mupya, aliingia mu mufereji ya maji machafu mpaka hapa, juu bwana yangu alikuwa anakuya na kinga yake, ile baiskeli. Tulimusafisha siku nzima. Na hakukasirika! Alisema: niliheshimu mukwe."

Alimasi aliweka kofia mezani.

"Kwa hiyo mu ile ukumbi..."

"Mu ile ukumbi alikuta mukwe wake. Ndiyo akajifunika, akageuka, akatafuta mulango ingine. Muntu wa kwetu angeona tu angejua. Ule Numbi ni wa wapi?"

"Sandoa, nafikiri."

"Aa, basi. Na weye wa Kasongo. Muliongozana, bipofu mbili."

"Lakini mkwe wake ni mtu mmoja anaitwa Barnabé. Yuko Tenke."

"Barnabé ni jina ya padri. Serikali ilikataza majina ya padri tangu tuko basichana. Ku kazi atakuwa na ingine." Kabedi alipangusa makombo. "Kwenye mashine kulikuwa nani?"

Alimasi alichukua karatasi ya ruhusa ya safari ya Tenke, akaichana mara mbili, akaandika hati mbili za kuitwa: moja ya Mama Ndaya, moja ya Kisimba. Ijumaa, saa mbili asubuhi. Ya profesa aliipeleka kwa mdomo.

Kisimba alifika wa kwanza. Alimasi alimhoji koridoni, wamesimama, kwa sababu ofisi alikuwa amemwekea mtu mwingine.

"Kanisani wanakuitaje?"

"Barnabé."

"Mke wako wa kwanza?"

"Mbombo." Alilisema kwa shida, kama neno la lugha aliyoisahau. "Alikufa na mutoto. Tulibazika pamoja."

"Ulirekodi wewe?"

"Mi. Nilisimama nyuma ya ukuta ya jikoni, juu mama buko asinione. Mashine nilichukua ku chuo, bande pia. Hakuna mwenye nilimuomba. Nilitaka kuwa nayo, shef, kitu yenye iko na jina yake. Nikaificha mu kabati ya kazi, juu ku nyumba hakuna mashine ya kuisikilizia. Siku ingine, jioni, nilikuwa naisikiliza. Halafu profesa akaikuta."

"Ungemwambia ni yako."

"Ningemuambia bande ya chuo ilifika namna gani ku matanga yangu? Angenifukuza. Niliandika Musumba, na mwaka ya uongo. Musumba ni mbali, hakuna mwenye angeenda kuuliza."

"Na ulikata."

Kisimba alitazama mikono yake.

"Alhamisi ya kwanza nilivumilia. Ya pili, kama bilikaribia pale, nilitoka inje nikaacha mashine inatembea yenyewe. Ya tatu, kijana moja pale nyuma alikuwa na karanga mu mukono, akamuiga mama. Akaita, 'Mbombo eee!' Na bote bakacheka. Ile jioni nilichukua wembe. Nilitoa dakika ine. Kila pahali yenye anaitwa, yeye na bazazi bake."

"Profesa alikuamuru?"

"Profesa hakujua. Zile Alhamisi tatu alikuwa mu safari, musaidizi wake alifundisha. Alikuwa anasema tu dakika kumi na mbili."

"Kipande kiko wapi?"

"Ku makaburi. Nilichimba na mukono, nikaiweka pale kwa kichwa yake. Nilioa tena, shef. Ingekaa wapi?"

"Lini?"

"Mvua mbili zimepita."

Alimasi aliandika yote, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Kisimba alitia. Herufi zilisimama wima, kama zile za kwenye sanduku.

Mama Ndaya alipoingia kwa mlango wa mbele, Kisimba alikuwa bado koridoni, na mlango kati yao uliachwa wazi kiasi cha kiganja. Sheria ya parke inataka mlalamikaji na mshtakiwa waonane uso kwa uso. Alimasi aligeuza kiti cha mama kikatazama ukuta, akamwambia fundi ageuze mgongo kule aliko, na akaandika kwenye PV, ile taarifa rasmi ya mahojiano, kwamba walikutanishwa. Kabedi alikaa katikati, mashine ya kuchapa mbele yake. Profesa Mukalay alikuwa kwenye benchi, katoni ya kopi kumi na nane magotini, saa yake ya mkono juu ya katoni.

Alimasi alimweleza mama kila kitu, bila kumtaja mtu jina. Alisema *yule aliye nyuma ya mlango*. Mama Ndaya alisikiliza akiwa ameuelekea ukuta. Alimasi alipofika kwenye habari ya makaburi, mama aliuliza swali moja tu.

"Haiwezi kutoka?"

"Imelala ndani ya udongo masika mawili, mama. Utepe ule unaliwa na maji."



"Basi aliiweka pahali muzuri," alisema.

"Sasa mama, nisikilize. Bande ni ya chuo. Wimbo si ya chuo. Lakini ili niandike kwamba ni yako, nataka yale maneno yenye yalikatwa. Uyaseme hapa, yule aliye nyuma ya mlango aseme kama ni yenyewe. Hiyo ndiyo itakuwa ushahidi, profesa ataukubali."

"Nitaukubali," alisema profesa.

"Siyajui," alisema Mama Ndaya.

"Huyajui?"

"Tata, mutoto alikuwa amelala pale, mu kitenge, na ule mudogo juu ya mukono. Unazani nilikuwa nachagua maneno? Bilitoka tu. Kesho yake sauti ilikuwa imeisha, na maneno pia. Kila siku natafuta: nilimuambia nini? Nilimuaga muzuri? Kwa nini unafikiri nilikuya huku? Nilitaka kusikia."

Profesa alitazama saa yake. Aliifunika kwa mkono.

"Uimbe tena, mama," alisema kwa upole. "Kidogo tu. Tutarekodi."

"Nimuimbie nani? Ukuta?"

Nje gari la bia lilikuwa linashusha makreti. Alimasi alitazama karatasi, mahali palipoandikwa *jina la mtungaji*, nukta nukta mpaka ukingoni.

Ndipo sauti ilipotoka koridoni. Haikuwa inaimba. Ilikuwa inasema, kavu, kwa Kiluba, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Kabedi aliinua kichwa.

"Anasema nini?" aliuliza Alimasi.

"Anasema..." Kabedi aliweka vidole kwenye mashine. "Anasema: Mbombo, mutoto wa Ndaya, Ndaya wa Kapinga, Kapinga mwenye alivuka Lualaba na kapu ku kichwa na hakulowanisha unga."

Mgongo wa Mama Ndaya ulinyoka.

"Muulize," alimwambia Kabedi. "Muulize kama nilisema ile."

Kabedi aliuliza kwa Kiluba. Jibu lilikuja fupi.

"Anasema, mama alisema ile."

"Aendelee."

Sauti iliendelea, Kabedi akiifuata, mashine ikigonga. Mbombo wa pombe ya munkoyo yenye haikuchacha. Mbombo mwenye alicheka mu misa na padri akacheka naye. Nilikupa chungu, nilikupa mukeka, nilikupa bwana mwenye anashikaka kazi na mikono. Sikukupa njia ya huku. Nani alikupa njia ya huku?

"Nilisema vile?" Mama Ndaya alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. "Bwana mwenye anashikaka kazi na mikono? Nilimutaja yeye?"

Kabedi aliuliza.

"Anasema ulimutaja. Anasema alikuwa nyuma ya ukuta, akasikia."

Profesa Mukalay alikuwa amefungua katoni. Alitoa kopi ya kwanza, akafuta kwa mstari neno *hajulikani*, kalamu ikikwaruza karatasi ngumu, akaandika juu yake. Akaweka pembeni, akatoa ya pili. Hakuuliza jina linaandikwaje. Alikuwa analisoma kwenye karatasi iliyokuwa inapanda kutoka kwenye mashine ya Kabedi.

Mlango haukusogea. Sauti ilitaja shangazi wa Mbombo, babu zake wawili, kijiji ambacho hakipo tena. Ilitaja mtoto ambaye hakupewa jina, ikamwita *mugeni mwenye hakukaa*. Hapo ilikatika, ikaanza tena, ikafika mahali, ikanyamaza.

Alimasi alingoja. Kabedi alingoja, vidole juu ya herufi, mashavu yake yamelowa na hayapangusi.

Mama Ndaya aligeuza uso wake kidogo upande wa mlango, bila kutazama, na kwa mara ya kwanza hakupitia kwa karani.

"Na nyuma ya pale," aliuliza, "nilimuambia nini?"

Koridoni mtu alivuta pumzi.

"Nyuma ya pale hukusema tena kitu, mama. Ulilia tu."

Kabedi alimtazama inspekta.

"Niandike hiyo?"

"Andika," alisema Alimasi.